Mwaka mzima wa kuzurura miji midogo na shangazi, na hela nilizotupa njiani

Nianze na ukweli, mimi siyo mtu wa matembezi. Aliyenitoa ndani ni shangazi. Alistaafu miezi michache tu baada ya kumzika mume wake, akawa anashinda kwenye kochi, televisheni inaongea lakini yeye haiangalii, na mimi kazi yangu ni ya kompyuta naifanyia nyumbani kwa hiyo kuna wiki zilikuwa zinapita sijaongea na mtu uso kwa uso zaidi yake. Siku moja akaizima akaniambia "mwanangu, mimi na wewe tutaoza humu." Tukapatana kila mwezi mara moja tunatoka, tunaenda mji mdogo ambao kwa gari hauzidi mwendo wa saa mbili, tunakunywa kahawa, tunazunguka maduka, kama kuna watu wanauza kazi za mikono tunapita, jioni tunarudi kulala kwetu. Rahisi eeh? Mi nilijua ni kubeba pochi na funguo basi.

Safari ya kwanza tulienda Jumatatu, nilitaka kukwepa watu. Aisee. Tunafika, mji umelala. Viti vya mgahawa vimepinduliwa juu ya meza, maduka kimya, kwenye duka moja kuna kibao cha "tumefunga" na paka kajilaza chini yake kama mlinzi. Kumbe maduka mengi ya aina hii yanaendeshwa na mtu mmoja, au mke na mume, wikiendi ndo wanauza, sasa na wao lazima wapumzike siku fulani na siku yenyewe mara nyingi ni Jumatatu, wengine wanaunganisha na Jumanne kabisa. Na ramani ya simu muda wote ilikuwa inaniambia pako wazi. Zile saa mtu anazijaza siku anafungua biashara halafu anasahau kama zipo. Pigeni simu jamani. Na swali liwe la siku yenyewe, "Jumamosi hii mtakuwepo mpaka saa ngapi?", maana ukiuliza tu huwa mnafungua saa ngapi utatajiwa ratiba ya siku zote kumbe Jumamosi hiyo mwenyewe ana harusi ya mdogo wake.

Tulikula biskuti ndani ya gari tukageuza. Shangazi alicheka njia nzima, mimi nilinuna.

Safari ya pili nikaamua kujipanga, na hapo ndo niliharibu zaidi. Nilitengeneza orodha, maduka saba na migahawa miwili, kila sehemu nimeiwekea na dakika zake, nikaipangia mpaka barabara ya kupita ili tusirudi nyuma. Nilijiona mjanja kweli. Shangazi goti lake la kushoto linamsumbua na nilikuwa najua, lakini kichwani nilikuwa nahesabu umbali kwa miguu yangu mimi. Duka la kwanza poa, la pili poa, la tatu akawa anaongea na mwenye duka kuhusu vitambaa na mimi nimesimama mlangoni naangalia saa, la nne nikageuka nyuma simuoni. Nikarudi. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi za nyumba ya watu, mkoba mapajani. Akasema "mimi nimekuja kukaa, wewe umekuja kukimbia, sasa nani kamleta mwenzake?" Na mimi kwa ujinga wangu nikamjibu kama imekuwa hivyo bora angebaki nyumbani.

Hilo neno mpaka leo likinijia nasikia aibu.

Tuliingia mgahawa wa karibu bila kusemeshana. Akaletewa chai, akawa anaikoroga tu, na hajatia sukari. Baadaye sana akasema "marehemu naye alikuwa hivyo hivyo, sokoni anatangulia, miaka yote mimi naangalia mgongo wake." Hakusema kwa hasira. Nikaichukua ile orodha nikaifanya kitambaa cha kufutia kahawa iliyomwagika, tukakaa pale karibu saa mbili, akanisimulia mambo ya mumewe ambayo sikuwahi kuyasikia nikiwa kwenye kochi la nyumbani. Kwa hiyo hesabu yetu kuanzia siku hiyo ni moja, tunachagua sehemu mbili za kukaa, asubuhi moja na mchana moja, vingine vyote vikipatikana sawa, visipopatikana sawa. Na kabla ya kuondoka nauliza vitu vitatu ambavyo vijana hatuulizagi, choo kipo, ngazi ziko ngapi, na gari linapakiwa umbali gani na mlango. Kama unatembea na mzee, au mjamzito, au mwenye mtoto mdogo, hayo matatu yana uzito kuliko picha zote nzuri za keki ulizoziona kwenye simu.

Kuhusu migahawa midogo niseme kidogo. Ni meza tano sita. Ukikaa na kikombe kimoja kwa muda wa saa tatu siku ya Jumamosi umemzuilia mtu riziki, agiza tena au mpishe, sisi huwa tunaenda asubuhi mapema au baada ya msongamano wa mchana na hapo hakuna anayekutazama vibaya. Mkiwa zaidi ya wanne pigeni simu kabla, tuliwahi kwenda sita, yule dada akabaki anatuangalia tu, hana pa kutuweka. Na kingine, jiko linafungwa kabla ya mgahawa! Mlango uko wazi mpaka jioni lakini mpishi ameshaosha masufuria zamani. Ukija na njaa utapewa keki.

Haya, safari ya tatu, hapa ndo hela ilipolia. Kulikuwa na mauzo ya kazi za mikono, meza kama hamsini zimepangwa kwenye ukumbi na nyingine nje. Tulifika saa sita mchana. Kosa. Paking'i imejaa, tukaacha gari mbali, goti likaanza maneno yake. Kwa mauzo ya aina hiyo fika saa ya kufungua au subiri saa ya mwishoni. Asubuhi kuna vitu na kuna nafasi ya kuongea, mwishoni kuna utulivu na baadhi ya wauzaji wanapunguza bei kwa kuwa hawataki kubeba mzigo kurudi nao, lakini vile vizuri vinakuwa vimeshaenda. Katikati hapo ni kusukumana tu.

Halafu nilienda na kadi na simu, keshi kidogo sana. Watu mia kadhaa sehemu moja wote wanatumia mtandao, ukazidiwa, mashine za kadi zinazunguka hazimalizi, na wauzaji wengine hawana mashine kabisa. Keshi niliyokuwa nayo ni noti moja kubwa, na muuzaji wa kwanza asubuhi yake haijamwingizia chenji ya noti hiyo. Siku hizi nabeba bahasha mbili, moja ya chakula na nauli, moja ya manunuzi, zote noti ndogo ndogo. Bahasha ya pili ikiisha nimemaliza, hata nikute nini. Kabla ya hapo sikuwa na bahasha, na siku ile ya tatu peke yake nilitumia hela ambayo nyumbani tunakula wiki mbili. Nilipokuja kukaa chini na daftari mwisho wa mwaka nikakuta karibu robo tu ya hela niliyomwaga kwenye kazi za mikono ndo ilienda kwenye kitu ambacho bado nakitumia, nyingine iko kabatini au imeshatupwa.

Nikupeni mifano ya vilivyotupwa. Hereni. Muuzaji alisema ni fedha, zinang'aa, nikavaa palepale. Siku ya pili masikio yamevimba, yanawasha, yanatoa maji. Nilivyokuja kuuliza watu wanaojua ndo nikaambiwa vito vya fedha vingi vinatengenezwa kwa fedha ya 925, maana yake katika sehemu 1000, fedha ni 925 na zilizobaki aghalabu ni shaba ya kuifanya iwe ngumu, na kwa kawaida hiyo namba inagongwa ndogo kwenye ndoano au nyuma. Kuna madini mengine yanaitwa fedha ya Kijerumani ambayo pamoja na jina lake fedha hamna hata chembe, ni shaba, nikeli na zinki. Ile nikeli ndo inawasha watu kama mimi. Kwa hiyo tafuta namba, na kama haipo muulize imetengenezwa na nini, sio "ni fedha?" maana hapo umeshamwekea jibu mdomoni. Namba nayo mtu anaweza kuigonga popote lakini angalau una pa kuanzia.

Bakuli la mbao. Hili lilinitoa machozi kabisa, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kununua kwa mtu mezani. Zito, limechongwa kwenye gogo zima, katikati kwenye kitako unaona kile kiini cha mti kama jicho, mi nikaona ndo uzuri wenyewe. Wiki ya tatu usiku nikasikia kitu kimelia jikoni, ta! kama kijiti kimevunjwa. Asubuhi bakuli lina ufa kuanzia kwenye lile jicho mpaka ukingoni, unaingiza ukucha.

Nikalibeba kwenye safari ya tano, nikamwonyesha mchongaji mwingine tofauti, mzee mmoja hivi. Hakuuliza hata swali, akaligeuza, akaweka kidole gumba kwenye kile kiini akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mti ukikauka unasinyaa, lakini hausinyai sawasawa pande zote, kwa urefu wake karibu hausogei, kukata zile pete za ukuaji unazoziona kwenye gogo lililokatwa, kuelekea kwenye kiini, unasinyaa kiasi, na kuzifuata pete zenyewe unasinyaa karibu mara mbili ya hapo. Sasa kama kiini kiko ndani ya bakuli, pete zimezunguka pande zote, hazina pa kujinafasi, lazima zipasuke. Mchongaji mwenye subira ama anapasua gogo katikati na kukitoa kiini, ama anachonga kwa unene, anaacha likauke miezi, ndo anamalizia. Akanifundisha na njia ya mtu asiyejua kitu, shika mabakuli mawili ya ukubwa mmoja na mti mmoja, lililo zito zaidi na ambalo ukiliweka shavuni linakuwa la baridi bado lina maji. Nilijaribu pale pale mezani kwake, shangazi naye akajaribu, watu wanatuangalia tumebandika mabakuli mashavuni kama tunapiga simu.

Nikamuuliza kwa nini yule wa kwanza hakuniambia. Akasema "labda hakujua, labda alikuwa na kodi ya kulipa." Nimebaki na jibu hilo.

Vyombo vya udongo navyo nimevivunja vya kutosha, viwili kati ya hivyo kwenye buti ya gari kwa sababu nilivipanga vikigusana. Sasa nabeba taulo kuukuu na boksi, kila kimoja kinafungwa peke yake. Ukishika kikombe cha udongo kiweke kwenye kiganja ukigonge ukingoni na kucha, kikilia vizuri kama kengele sawa, kikitoa mlio wa kukwaruza kuna ufa ambao jicho halijauona. Geuza kitako uangalie pale pasipopakwa ile rangi ya kioo, udongo uliochomwa moto mdogo unakuwa na vitundu vinavyokunywa maji, kikombe kitavuja jasho na kuacha duara kwenye meza yako. Na uliza kama ni cha kulia au cha pambo, hili siyo la kuona aibu. Kuna rangi za kung'aa zina madini ya risasi, ukiweka kitu chenye uchachu kama ndimu au siki inaitoa risasi taratibu ikaingia kwenye chakula. Mfinyanzi anayejua kazi yake hatakasirika, kwanza atafurahi umeuliza.

Hilo la kuuliza ndo limeniokoa zaidi ya yote. Kuna meza nyingi za watu ambao wamenunua vitu vya kiwandani kwa jumla wanakuja kuviuza kama vya mikono. Mwanzoni sikuwa najua kuwatofautisha, sasa nauliza tu "hiki ulikitengenezaje?" Aliyekitengeneza atakuchosha kwa maelezo, atakuonyesha alipokosea, atakwambia huu mpini niliurudia mara tatu. Asiyekitengeneza anakutajia bei. Ukikuta pia kitu kile kile, ua lile lile limekaa upande ule ule, kwenye meza tatu tofauti, basi. Batiki ya mikono igeuze nyuma, nta na rangi vinakuwa vimepenya, mchoro unaonekana pande zote mbili, ile iliyochapwa na mashine nyuma huwa imefifia. Na kitambaa cha rangi nzito pangusa kona yake kwa kitambaa cheupe chenye maji, uone kama rangi inatoka. Ya nili, ile buluu iliyokolea, ikitoka kidogo ni kawaida yake kwa mifuo ya mwanzo, usiifue na mashati meupe tu. Mimi nilifua na mashati meupe.

Kuna kosa jingine halikunigharimu hela, liligharimu mwingine. Mama mmoja msuka vikapu. Nilikuwa nimeshajifunza kupatana bei nikajiona bingwa, nikamshusha, nikamshusha tena, nikafanya kama naondoka, akaniita. Nikalipa nusu. Wakati ananifungia shangazi akamuuliza hiki kimekuchukua siku ngapi, akasema siku kumi na moja, ukitoa za kukata na kukausha majani. Alisema bila kulalamika, huku anafunga. Nikapiga hesabu nikitembea kuelekea kwenye gari, nikagawa ile hela kwa siku kumi na moja. Ilikuwa haifiki bei ya keki niliyokula asubuhi. Nilitaka kurudi kumwongezea, shangazi akasema ukirudi sasa hivi utamfanya aone anahurumiwa, nenda mwezi ujao ununue kingine kwa bei yake. Nilienda. Hakuwepo. Nimeenda mara mbili zaidi.

Kwa hiyo kupatana bei sisemi usipatane, mtu akianzia juu mno mwenyewe anajua utashusha, ila napatana nikinunua vitu zaidi ya kimoja, au nauliza "hii ndo bei ya mwisho?" mara moja tu, akisema ndiyo nalipa au naacha.

Watu wanashauri zunguka kwanza meza zote ndo ununue. Ni ushauri mzuri kwa sabuni, mishumaa, jamu, vitu ambavyo vipo vingi. Kwa kitu ambacho kipo kimoja utalia. Niliona kikombe kimoja, hakina mpini, kina alama ya kidole cha mfinyanzi pale ambapo gumba lako linakaa lenyewe ukikishika, nikasema ngoja nizunguke. Dakika ishirini kilikuwa kimeenda. Sasa hivi nikipenda kitu kama hicho namwambia muuzaji anishikie nusu saa, na nikipita hiyo nusu saa auze, wengi wanakubali. Ila uwe unarudi kweli, hata kama umebadili mawazo, mwambie.

Nyumbani nimeandika kwenye karatasi vipimo vya sehemu zinazohitaji kitu, rafu ile upana huu, ukuta ule hivi, na naweka futi ya kamba kwenye mkoba. Ningekuwa nayo tangu mwanzo nisingekuwa na kioo ambacho hakiingii popote na sasa kinaishi nyuma ya mlango.

Mwezi uliopita mvua ilitukuta. Tukakwama mgahawani kuanzia saa nne mpaka saa nane, duka tuliloliona ni moja tu, la nyuzi, na shangazi alinunua mipira minne ya rangi ambayo mi naiona kama ya matope. Huko nyuma ningekuwa nimeshaharibu siku ya watu wote. Bakuli lenye ufa ndo limekuwa la kuwekea hizo nyuzi, ule ufa anapitishia uzi anapofuma, unatoka taratibu haujifungi.

Jana usiku namuuliza wiki ijayo tuelekee wapi, nimeshafungua simu nitafute. Hakuinua hata macho kwenye kufuma kwake. "Nimeshawapigia. Jumamosi wapo, wanafunga saa tisa, ngazi mbili tu na choo kiko ndani. Wewe beba noti ndogo."